Drili ya plagi ya njano, umeme wa 230 na kijana aliyeng'ang'aniwa na grenda Mikanjuni: tuelewane kuhusu volti za saiti

Mgosi wa Mikanjuni

Wakuu habari za jioni, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Jumamosi nilikuwa Ngamiani, hapa Tanga, natafuta drili ya kutobolea zege. Kijana wa duka la mtumba akanitolea moja nzito, nzuri kwelikweli, imeshuka na kontena kutoka Uingereza, bei nusu ya mpya. Plagi yake ya asili ilikuwa imeshakatwa, imefungwa plagi yetu ya pini 3. Nikaigeuza nisome kibati: 110 V. Nikamuuliza kama ameijaribu. Akanijibu, "Kaka, hii ukiichomeka inakwenda kwa fujo, ina nguvu kuliko zote humu ndani."

Alikuwa anasema kweli. Lazima iende kwa fujo, imepewa volti zaidi ya mara 2 ya zile ilizoundiwa. Itakwenda hivyo dakika chache, utasikia harufu ya vanishi ya koili inaungua, kisha basi. Na hiyo ni drili. Ingekuwa grenda ya 110 ndiyo imepachikwa plagi hiyo mambo yangekuwa mabaya zaidi, maana mota ya aina ile ukiizidishia volti inazidisha na kasi. Disiki ya milimita 115 imeandikwa mwisho wake mizunguko 13,300 kwa dakika. Ukiipitisha hapo inaweza kupasuka, na vipande vinaruka usawa wa uso na shingo ya aliyeishika.

Mimi ni fundi umeme. Nimesoma chuo cha ufundi cha VETA hapahapa Tanga, nikaenda Doha miaka 5 kwenye saiti za maghorofa, nimerudi napiga waya nyumba za watu kuanzia Sahare mpaka Pongwe. Kule Doha umeme wa nyumbani ni 240, lakini drili ya 240 hawakukuruhusu hata kuivusha getini. Kila kifaa cha mkononi ni 110: plagi ya njano ya duara, boksi la njano, waya wa njano. Mwanzoni niliona ni usumbufu tu wa wasimamizi. Nilikuja kuelewa baadaye, na naomba niwaeleze nilivyoelewa, kwa sababu hapa kwetu vifaa vya mfumo ule vinauzwa madukani bila ule mfumo wenyewe.

Mfumo ule ni wa Waingereza, na wengi wanadhani umeme wao ni 110. Hapana. Nyumba zao ni 230 kama zetu. Hata plagi hii ya pini 3 bapa ni yao, sisi tumeirithi. TANESCO wanatuletea 230 kati ya waya wa moto na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, 400 kati ya fezi na fezi, yaani kati ya nyaya mbili za moto, mizunguko 50 kwa sekunde. Vifaa vya zamani vimeandikwa 240 na 415, msiogope, ni familia moja. Ile 110 ni ya saiti za ujenzi peke yake, na inatoka kwenye transfoma ya njano ambayo ndani yake kuna jambo ambalo kwa nje hulioni: koili ya upande wa kutolea imeshikwa katikati ikaunganishwa na ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Maana yake ni kwamba kati ya waya na waya kuna 110, lakini kutoka waya wowote mpaka ardhini ni 55. Zile za fezi 3 zinafika kama 64. Drili inapata 110 yake kamili, ila wewe uliyesimama kwenye tope ukigusa waya uliochubuka unapata 55.

Fanyeni hesabu nami. Mwili wa mtu aliyeloa jasho, kandambili zimelowa, tuuchukulie una ohm 1,000. Kwa 230 zinapita miliampea 230 (miliampea 1,000 ndiyo ampea 1). Kwa 55 zinapita 55, na mara nyingi pungufu ya hapo, kwa sababu ngozi huzuia zaidi volti zikiwa ndogo. Sisemi 55 ni salama kuchezea. Nasema kwa 230 moyo unaweza kuvurugika mapigo kabla jirani yako hajageuza shingo, na kwa 55 una nafasi kubwa ya kutoka hai.

Sasa niwaambie kilichotokea, maana hicho ndicho kinanifanya niandike.

Vuli iliyopita nilikuwa Mikanjuni, naweka mabomba ya waya kwenye nyumba ambayo ilikuwa bado inainuliwa. Umeme wa saiti ulivutwa kwa jirani, ekstensheni ya waya mbili tu, haina ethi, imepita juu ya ukuta, ikashuka kwenye kifusi, ikavuka nondo. Mvua ilikuwa imekatika kama robo saa. Kijana saidia fundi, hajafika hata miaka 20, akachukua grenda akate nondo. Pale waya unapoingia kwenye mpini palikuwa pamechunika siku nyingi, pamezungushiwa kipande cha mfuko wa nailoni na kufungwa kwa uzi wa binding.

Watu hudhani anayepigwa na umeme anapiga kelele. Hakupiga. Kifua kilimkaza. Nilisikia mguno mdogo tu, kama mtu anayebeba gunia zito, na grenda ikawa inaendelea kuzunguka mkononi mwake, hakati kitu. Nilipogeuka nikaona mishipa ya shingo imesimama, macho yananitazama, mkono hauachii. Plagi ilikuwa ndani kwa jirani, nyuma ya ukuta. Mzee mmoja mwashi akaokota ubao mkavu uliokuwa ndani ya nyumba akampiga nao kwenye mkono kwa nguvu zake zote, grenda ikaanguka. Kijana akaketi chini, akatapika, akaanza kutetemeka. Yuko hai, namshukuru Mungu. Kiganjani ana kovu jeupe lenye mviringo kama kifungo cha shati.

Mimi nilikwenda kwa jirani kutazama boksi. Sakiti breka ya ampea 32 ilikuwa imesimama juu, haijashtuka. Na haikuwa mbovu. Breka ile imewekwa ili waya wa ukutani usiungue. Haishtuki mpaka zipite ampea 32 na zaidi. Yule kijana alikuwa anauawa na robo ya ampea moja. Kwa breka, robo ampea ni taa tu imewashwa.

Mwenye saiti alisema ni bahati mbaya. Saa 8 mchana grenda ileile ilikuwa inakata nondo tena, nailoni imebadilishwa.

Uingereza wameamua kupunguza volti. Wajerumani saiti zao wanatumia 230 kama sisi, lakini hakuna soketi ya kazi isiyokuwa nyuma ya RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, kikiona kuna unaopotelea njiani kinakata. Wamarekani nyumbani wana 120, mizunguko 60, na juu ya hiyo soketi za saiti zinawekewa kifaa kinachokata kwenye miliampea kama 5. Kuna profesa wao wa Berkeley, Charles Dalziel, aliwapima watu waliojitolea aone ni umeme kiasi gani mtu bado anaweza kufungua kiganja aachie waya. Karibu wanaume wote waliweza kwenye miliampea 9, wanawake 6. Ukipita hapo mkono unaanza kukusaliti, kama ulivyomsaliti kijana wetu. Na msidhani hivi ni vitu vya ughaibuni tu: miongoni mwa RCD za mwanzo kabisa zilitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi ya dhahabu.

Kwa hiyo wapo waliopunguza volti na wapo wanaokata haraka. Sisi tumechukua 230 kamili na hatujachukua kinga hata moja. Hilo ndilo linaloniuma. Karibuni tujadiliane.

Kange Stendi

Mkuu umenigusa. Drili kama hiyo ninayo ndani, nimenunua mwezi jana, ina plagi yake ya njano bado. Nyumbani kuna transfoma ndogo ya kushushia umeme, shemeji aliniachia, alikuwa anatumia kwa TV ya Marekani. Imeandikwa 220 kwenda 110, wati 2,000. Nikitumia hiyo si nitakuwa sawa na Waingereza?

Mgosi wa Mikanjuni

Kaka, drili itazunguka vizuri, lakini usalama haupo, na naomba hapa usome polepole. Transfoma nyingi za TV zina koili moja tu, haijatenganishwa na umeme wa TANESCO. Hiyo 110 imekatwa njiani kwenye koili ileile ya 230. Ukigusa waya wake wa moto unapata 110 mpaka ardhini na siyo 55. Halafu likitokea waya wa moto na nyutro vimepishana, kitu ambacho kwenye ekstensheni zilizoungwaungwa kwa mkono kinatokea kila siku, waya mmoja wa upande wa drili unabaki na 230 mpaka ardhini huku mita yako ikipima kati ya nyaya mbili inakuonyesha 110 safi. Utajiona umekingwa, na hujakingwa.

Tafuta transfoma ya njano yenyewe ya saiti, zinakuja kwenye makontena hayohayo. Ukiipata pima: waya na waya 110, kila waya na ethi 55. Usipopata 55 pande zote mbili, katikati yake haijaunganishwa na ethi, usiitumie mpaka fundi aifungue. Na usipime kwa bisbisi testa. Kwa 55 kitaa chake kinaweza kisiwake kabisa ukadhani waya umekufa.

Jambo la pili, transfoma nyingi za kVA 3.3 (ndiyo namba ya uwezo wake) zimekadiriwa kwa kazi ya vipindi: toboa, pumzika, toboa. Ukiifungia pampu ya maji izunguke kutwa, hesabu takriban nusu ya hiyo namba.

Kange Stendi

Nimeelewa. Na kama mtu ana kifaa cha Japani cha 100?

Mgosi wa Mikanjuni

Kwenye 110 inakuwa imezidishiwa sehemu 1 ya 10. Drili ya kazi ndogondogo itavumilia ila itapata joto, usiikamue. Kwa kompresa au kitu chenye mota ya kudumu mimi nisingefanya. Huko nako wana mambo yao, mashariki mizunguko 50, magharibi 60, kwa hiyo kibati chake kisome chote, usiishie kwenye volti.

NondoNaZege

Mgosi mimi ni msimamizi wa saiti, niko Sahare sasa hivi. Sikatai maneno yako, lakini hapa kwangu meni swichi ipo, breka ni mpya, na ethi rodi nimechimbia mwenyewe. Mashine ya zege ya umeme imefungwa ethi mpaka kwenye chasisi. Mota ikivujisha si breka itashuka? Hiyo RCD kwa saiti yenye ethi naona ni gharama juu ya gharama, na tena nasikia inakatakata umeme ovyo, kazi hailali lakini haiendi.

Mgosi wa Mikanjuni

Mkubwa wangu, nakushukuru kwa kuuliza kwa uwazi, maana hapa ndipo tunapozikana.

Umechimbia rodi, umefanya jambo jema kuliko wengi. Sasa jiulize rodi yako inakabidhi umeme kwa nani. Sahare pale chini ni mchanga na mawe ya matumbawe. Kiangazi mchanga ule ukiuchota unamwagika vidoleni kama sukari. Rodi moja kwenye udongo huo kupata ohm 50 si ajabu hata kidogo, na zipo zinazosoma mamia. Tuchukue 50. Mota ikigusisha waya wa moto kwenye chasisi, volti 230 gawa kwa ohm 50 ni ampea 4.6. Breka yako ni ampea ngapi? 20? 32? Haitashuka leo wala kesho. Chasisi ya mashine itakaa na umeme unaokaribia 230 kamili, mashine inazunguka, zege linatoka, hakuna anayejua, mpaka kijana mwenye ndoo aje peku na miguu ya maji auegemee ule usukani wa kuinamishia pipa.

RCD ya miliampea 30 kwenye mstari huohuo inaona ampea 4.6 zimepotea, hiyo ni zaidi ya mara 150 ya kiwango chake. Ikiwa nzima, kwa uvujaji mkubwa namna hiyo inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 40. Ethi yako ya ohm 50 ambayo kwa breka haina msaada, kwa RCD inatosha kabisa. Ndiyo maana nasema hivi viwili vinakwenda pamoja.

Kuhusu kukatakata ovyo: mara nyingi haikati ovyo, kuna kitu inakiona ambacho wewe hujakiona.

BintiDuga

Habari zenu kaka zangu. Mimi si fundi. Nina kiwanja Duga natarajia kuanza msingi mwezi ujao inshallah, na umeme nitavuta kutoka nyumba ya mama ambayo iko jirani. Nimesoma hiyo habari ya kijana nikashindwa kulala. Nifanye nini mimi nisiyejua waya upi ni upi? Mafundi wakiniona mwanamke nauliza mambo ya umeme watanisikiliza kweli?

Mgosi wa Mikanjuni

Dada yangu, watakusikiliza kwa sababu umeme ni wa nyumbani kwenu na pesa ni yako. Zungumza nao kabla ya siku ya kwanza, sio mvua ikishanyesha.

Nunua RCD ya kuchomeka, iliyoandikwa 30 mA. Yangu nilinunua elfu 55 na nimekaa nayo mwaka wa pili. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani kwa mama, halafu ekstensheni ndiyo ichomekwe kwenye hiyo. Isikae upande wa grenda. Waya mrefu unaoburuzwa kwenye kifusi ndio unaochunika, kwa hiyo kinga ikae mwanzo wa waya. Ina kitufe cha kujaribia, kila asubuhi kabla ya kazi kibonyeze mwenyewe, uone imekata, uirudishe. Isipokata, siku hiyo hakuna umeme wa saiti mpaka ipatikane nyingine.

Ekstensheni iwe ya waya 3, wa kijani na njano uwepo. Na iwe nene. Ukivuta mita 60 kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, grenda kubwa inayovuta ampea 10 inapoteza karibu volti 30 njiani, na jioni umeme wa mtaani nao ukiwa umeshuka mota inahangaika na kuungua. Kwa waya wa 1.5 upotevu huo unapungua nusu. Waya upitishwe juu kwenye mirunda, usilazwe chini kwenye njia ya toroli.

Grenda na drili nyingi za kisasa utaona alama ya mraba ndani ya mraba. Hizo zina kinga mbili ndani na hazihitaji ethi, usishangae plagi yake kuwa na waya mbili. Lakini alama hiyo inahusu kifaa kikiwa kizima. Waya ukichunika shingoni, ile miraba haikusaidii. Kwa hiyo pita kila asubuhi, kagua waya wa kila kifaa kwa jicho kabla hakijachomekwa: ukiona nailoni, ukiona tepu imezungushwa mara nyingi, kifaa hicho kinakaa pembeni mpaka waya ubadilishwe. Hapo huhitaji kuwa fundi.

Mhandisi Pangani

Mtoa mada amefanya kazi nzuri, naongeza mambo mawili.

Kwanza, hiyo 110 ya Uingereza haijaandikwa kwenye sheria kwamba ni lazima kila mahali. Mamlaka yao ya usalama kazini, HSE, ndiyo inaipendekeza kwa nguvu, na makandarasi wakubwa wameifanya sharti la kuingia saiti. Siku hizi hata wao wanahamia kwenye vifaa vya betri. Drili ya volti 18 haina waya wa kuchunika. Kwa mwenye uwezo hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote, chaji iwekwe ndani mahali pakavu.

Pili, na hili ni kubwa, jenereta. Saiti zetu nyingi ambazo TANESCO haijafika zinatumia jenereta ndogo ya petroli. Nyingi ya hizo koili yake haijaunganishwa na bodi, yaani chuma chake cha nje, wala na ardhi. Umeme ukivuja kwenye kifaa hauna njia ya kurudi, kwa hiyo RCD utakayoiweka mbele yake haioni tofauti na haikati. Hitilafu ya kwanza inakaa kimya wiki nzima. Ya pili ikitokea kwenye waya mwingine, mtu anakuwa katikati ya zote mbili. Na kinachodanganya zaidi ni kwamba kitufe cha kujaribia kitakata vizuri tu, kwa sababu chenyewe hakitegemei ardhi. Jenereta ya kulisha vifaa vingi ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aunganishe nyutro na bodi na ethi inavyotakiwa, kisha apime RCD kwa kipimo chake.

Mgosi wa Mikanjuni

Asante sana mhandisi. Hilo la sheria nilikuwa naamini ni lazima, umenirekebisha. Na la kitufe kwenye jenereta nilikuwa silijui kwa undani huo. BintiDuga, wewe kwa kuwa unavuta kwa mama, kitufe chako kinatosha kwa kila siku, ila ethi ya nyumba ya mama ipimwe kwanza.

Saidia Fundi

Mimi nilitaka kuongelea rangi za nyaya maana zimewahi kuniponza. Nilifundishwa nyekundu moto, nyeusi nyutro, kijani ethi. Nikapelekwa kwenye saiti ya mashine za kutoka nje, nikaona nyeusi nikaishika kwa amani kabisa. Nilirushwa kutoka kwenye ngazi. Nilivunjika mkono, wiki 6 bila kazi na sikulipwa hata shilingi. Nilikuwa kibarua, nikaambiwa kibarua hana fidia.

Mgosi wa Mikanjuni

Pole sana ndugu yangu, pole ya dhati.

Rangi ulizofundishwa ni za mfumo wa zamani wa Waingereza na nyumba nyingi za Tanga bado zina nyaya hizo. Rangi mpya ni kahawia moto, bluu nyutro, kijani na njano ethi. Waingereza wenyewe walianza kuhamia huko mwaka 2004. Kwa Wamarekani nyeusi ndiyo waya wa moto, nyeupe nyutro. Na kuna mtego wa fezi 3: zamani fezi zilikuwa nyekundu, njano na bluu, siku hizi ni kahawia, nyeusi na kijivu. Bluu iliyokuwa moto imekuwa nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro imekuwa moto. Rangi isikupe amani hata siku moja. Zima, funga kwa kufuli, pima, ndipo ushike.

Kuhusu fidia, uliyoambiwa siyo kweli. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa ajili ya aliyeajiriwa kuumia akiwa kazini, na kukuita kibarua hakumwondolei mwajiri wajibu. Na saiti ni mahali pa kazi kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. OSHA ndio wasimamizi wake. Nenda ofisi ya WCF na barua ya hospitali na majina ya mliokuwa nao siku hiyo. Usiende mikono mitupu na usichelewe zaidi.

Kange Stendi

Na mtu akishanaswa, tufanyeje? Huku kwetu wanakimbilia kumnywesha maziwa.

Mgosi wa Mikanjuni

Maziwa hapana, mtu aliyezimia ukimmiminia kitu mdomoni unampalia. Usimshike kwa mkono. Zima kwenye soketi au meni swichi. Ikiwa mbali, msukume kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama yule mzee na ubao wake. Akishaachwa, tazama kama anapumua. Hapumui, mlaze chali sehemu ngumu, kandamiza katikati ya kifua kwa viganja viwili, sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane mpaka msaada ufike. Na hata akiinuka akasema yuko sawa, apelekwe hospitali akapimwe moyo. Kijana wetu tulimpeleka kwa bajaji huku akisema anataka kurudi kazini asikatwe posho.

NondoNaZege

Mgosi narudi na habari. Nimeisoma ile hesabu yako ya ampea 4.6 mara mbili tatu. Jana nimenunua RCD ya miliampea 30, nimeifunga kwenye laini ya mashine ya zege. Nikiwasha, inakata. Nikirudisha, inakata. Tajiri amekuja anasema nimenunua feki, niitoe tumwage zege la linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, mafundi 11 wamekaa. Naomba jibu la haraka.

Mgosi wa Mikanjuni

Usiitoe mkubwa wangu. Ondoa plagi ya mashine, chomeka kifaa kingine kizima, taa au drili ya miraba miwili. Ikikaa, RCD yako ni nzima na mashine ndiyo inayovuja. Chomoa kabisa, fungua kile kiboksi cha mota ubavuni pamoja na swichi yake, nipigie picha.

NondoNaZege

Drili imekaa vizuri, haikukata.

Nimefungua. Kiboksi cha swichi kina maji ya simenti yaliyokauka, yamejaa kama uji ulioganda. Waya wa kahawia umesuguliwa na ukingo wa bati pale unapoingia, mpira umekwisha kabisa, shaba inaonekana urefu wa punje ya mchele na imegusa bati. Mgosi, mashine hii tunaitumia wiki ya tatu. Mimi mwenyewe naiegemea nikiongea na simu. Nilikuwa nimevaa buti za mpira siku zote, vijana wangu wapo peku.

Mgosi wa Mikanjuni

Alhamdulillah imeonekana kwa kifaa, haikuonekana kwa mtu. Kata kipande kilichosuguka, weka waya mpya, na pale kwenye tundu la bati paweke ule mpira wa duara unaozuia waya usisuguane na ukingo. Safisha simenti yote, kausha, kisha kifuniko kifungwe na skrubu zake zote 4 siyo 1.

NondoNaZege

Tumemaliza saa 5 asubuhi, mashine imezunguka mpaka saa 11 jioni, RCD haijakata hata mara moja na linta imeisha. Tajiri ameniuliza bei ya nyingine ya saiti ya Raskazone. Sasa nataka nipunguze hizo ohm za rodi. Yangu ni futi 4. Ninunue ndefu au niongeze?

Mgosi wa Mikanjuni

Kama ardhi inaingilika, ndefu ni bora, chini kuna unyevu. Ukigonga jiwe la matumbawe usilazimishe, chimbia ya pili, iwe mbali na ya kwanza angalau urefu wa rodi yenyewe, uziunganishe kwa waya mnene wa shaba na klampu, sio kwa kuzungushia. Chagua mahali mnapooshea ndoo, pale hapakauki. Nina kipimo cha ethi, kesho baada ya swala ya alasiri napita Sahare, tuipime pamoja.